Jumanne ya Marko

18 Machi, Jumatatu ya kwanza ya Kwaresima

Nimeanza daftari hili kwa sababu nimekasirika, na tangu nilipokuwa mwalimu nimezoea kukasirika kwa maandishi.

Sultana wa nyumba ya chini alikuja na mkate bapa wa ufuta na bakuli la zeituni. Tulipokwisha kula alitoa simu yake anionyeshe siku atakayowapigia wajukuu zake wawili, wote Giorgos, kuwapongeza kwa siku ya mtakatifu wa jina lao. Simu ilisema Jumatatu ya Pasaka, tarehe sita Mei. Ni sahihi. Siku ya Mtakatifu Giorgi ni tarehe ishirini na tatu Aprili, lakini ikiangukia ndani ya Kwaresima husogezwa hadi siku inayofuata Pasaka, maana hakuna anayeweza kusherehekea jina lake kwa maharage ya mfungo. Nikamwambia atazame na Marko. Simu ikasema: Alhamisi, tarehe ishirini na tano Aprili.

"Kosa," nikasema. "Giorgi akisogea, Marko naye husogea. Huwa Jumanne, siku inayofuata."

"Basi simu haijui."

"Simu ni jinga."

"Ni jinga, Mwalimu, lakini mji mzima unaisikiliza. Siku hizi nani anamuuliza padri?"

Nimekasirika kwa kuwa asemayo ni kweli, na kwa kuwa kaka yangu anaitwa Markos.

19 Machi

Niandike jambo lenyewe, ili nisijidanganye baadaye.

Kwetu mtu haalikwi siku ya jina. Mwenye jina huacha mlango wazi, huandaa meza, na anayemkumbuka huja. Ndiyo maana ina thamani. Miaka mitano iliyopita Pasaka ilichelewa kama mwaka huu. Alhamisi Kuu, Markos akiwa amefunga na mikono yake ikiwa myekundu kwa rangi ya mayai ya Pasaka, simu zilianza kulia: hongera, hongera. Akawajibu wote, "Bado, ni Jumanne." Wakasema basi wamempongeza mapema. Jumanne akaandaa meza ya watu thelathini, mwanakondoo mzima na vyombo vya marehemu mkewe. Tulikuja mimi na Sultana. Saa tatu usiku akaondoa sahani mwenyewe na kukataa tumsaidie.

Tangu hapo hufunga mlango siku hiyo. Ana miaka themanini na tatu. Mwaka jana nilimwambia nitawakumbusha watu. Akasema, "Poli, ukimwita hata mmoja nitajua, na sitamfungulia. Sitaki wageni wa kuokotwa."

Ana haki. Siwezi kumwita mtu. Lakini kusahihisha tarehe si kumwita mtu.

20 Machi

Programu ile inayotoa siku za majina simuni ni programu huria: msimbo wake umewekwa wazi kwenye mtandao na yeyote anaweza kuusoma. Nimewaandikia wahusika barua ya aya tatu.

22 Machi

Jibu limekuja. Nalinakili.

"Asante kwa taarifa. Kazi ya ghalani imenizidi, sitapata nafasi hadi Juni. Msimbo uko wazi. Ufungue, usome, pendekeza rekebisho. S. Dalas."

Juni! Na "ufungue, usome", kwa mwanamke wa miaka sabini na saba. Kisha nikalitazama lile jina. Stergios Dalas. Nilimfundisha Kigiriki cha kale hapahapa Kastoria, darasa la pili la sekondari, dawati la mwisho karibu na dirisha. Mvivu. Siku moja nilisoma kazi yake kwa sauti mbele ya wenzake, mstari kwa mstari, na darasa lilicheka hadi kengele ikalia. Mwaka uliofuata alihamia shule ya ufundi.

Sasa huyo ndiye anayenipa kazi ya nyumbani.

24 Machi

Maktaba ya mji ina kitabu kimoja cha lugha ya programu iitwayo Python. Nimekiazima kwa wiki sita. Kompyuta ni ile aliyoniachia mpwa wangu alipohamia Ujerumani.

25 Machi

Sikukuu ya taifa: gwaride, samaki wa chumvi, kitunguu saumu. Sikuelewa hata ukurasa mmoja.

29 Machi

Nimeelewa kosa langu. Nilikuwa nakisoma kitabu kama kitabu, tangu mwanzo hadi mwisho. Lugha hii haisomwi hivyo. Unafungua dirisha jeusi, vinatokea vimshale vitatu, kisha linangoja. Unaandika mstari mmoja. Linajibu palepale. Ukikosea linakwambia umekosea wapi, bila kejeli na bila kuchoka. Kwa miaka thelathini na nne nimewauliza watoto maswali ubaoni, na sijawahi kupata mwanafunzi wa namna hii: hababaishi, hatazami dirishani, akiwa hajui anasema hajui.

Nilikaa saa nne. Chai ilipoa mara mbili.

1 Aprili

Sultana amenikuta nikiongea peke yangu.

"Mwalimu, umepata mchumba humo ndani?"

"Nimepata mwanafunzi."

"Afadhali mchumba. Mchumba angalau hubeba kuni."

3 Aprili

Leo nimepakua programu nzima ya siku za majina na kuiita ndani ya dirisha jeusi. Sikuisoma kwanza. Niliihoji. Niliandika neno "pasaka" na ndani ya mabano mwaka huu, nikapiga kitufe. Ikajibu: mwezi wa tano, siku ya tano. Nikaiuliza mwaka niliozaliwa, mwaka niliomzika mama, mwaka ule wa meza ya Markos. Yote sahihi. Kisha nikaiuliza imejuaje, na kwa amri moja tu ikanifunulia mistari yake yenyewe, hesabu ya mwezi na jua, mistari tisa. Juu yake Dalas ameandika sentensi moja ya maelezo. Nilitafuta kosa katika sentensi ile. Halimo.

Nimelitafuta katika sentensi nyingine. Halimo pia.

6 Aprili

Mvua. Ziwa limepanda hadi njia ya miti. Nimejifunza orodha za Python.

7 Aprili

Jumapili kwa Markos, tulikula vitunguu vya kuoka na mchele. Hajui ninachofanya na sitamwambia. Nilimwuliza tu swali la ufundi wake: zamani mnunuzi akimletea koti la manyoya ambalo yeye halijui, alianzia wapi kulikagua?

Kaka yangu alishona manyoya miaka hamsini. Hapa kwetu mafundi hawakushona ngozi nzima. Waliletewa vipande vilivyobaki duniani kote, masikio, miguu, mikia, vidogo kama kidole, wakaviunganisha kwa maelfu hadi ukadhani ni mnyama mmoja.

"Nje hakuna cha kuona," akasema. "Nje kila koti ni zuri. Unaligeuza. Ndani unaona kila kipande, na uzi, na mkono wa kila aliyeshona. Mimi nilimjua fundi kwa mshono wake bila kuambiwa jina."

"Na ukikuta kipande kibaya?"

"Unakitoa hicho tu. Ukivuta uzi hovyo, koti lote linakuja mkononi." Akanitazama. "Umenunua koti, Poli? Kwa pensheni ile?"

Nikamwambia ale.

8 Aprili

Nimeligeuza koti. Programu hii hutunza historia yake: kila badiliko, tarehe yake, nani alilileta na kwa nini. Nimeisoma tangu mwanzo. Watu arobaini na mmoja wameshona humo. Mwanamke wa Krete ameleta majina sitini ya watakatifu wa kisiwani. Mtu wa Melbourne amerekebisha saa. Na Stergios Dalas yumo katika kila ukurasa, kwa miaka kumi na mmoja, akiunga, akifuta, akishukuru. Halipwi. Hakuna aliyejibiwa kwa jeuri, wala mmoja, hata wale waliostahili.

Mvivu niliyemwandika kwenye taarifa ya shule simwoni.

10 Aprili

Nimepata mahali penyewe. Kuna fungu la amri linalomhusu Giorgi: ikiwa tarehe ishirini na tatu iko kabla ya Pasaka au siku yenyewe ya Pasaka, msogeze hadi Jumatatu. Lakini Marko ameandikwa kwingine, katika orodha ya watakatifu wasiosogea, kati ya majina mia tatu. Hakuna aliyemkumbuka. Amekaa pale miaka kumi na mmoja kama kaka yangu nyuma ya mlango.

Zimebaki siku kumi na tano. Tarehe ishirini na tano ikifika kabla ya rekebisho, simu zitampongeza katikati ya mfungo, na Jumanne itakuwa tupu tena.

14 Aprili

Nimemaliza. Nimemtoa Marko kwenye orodha na kumwandikia amri yake: chukua siku ya Giorgi, ongeza moja. Niliihoji mwaka huu: Jumanne, tarehe saba Mei. Mwaka ule wa meza: Jumanne. Mwaka mmoja zaidi wa Pasaka ya kuchelewa: Jumanne. Safi, fupi, inapendeza macho. Nimeituma na barua ya maelezo, jina langu kamili chini yake, Polixeni Gounta, mwalimu mstaafu. Nimejimiminia kijiko kimoja cha jamu ya cheri ingawa sina mgeni.

Nilijiona mrefu njia nzima ya kwenda dukani.

16 Aprili

Barua kutoka kwa Dalas. Haikuja kwenye ukurasa wa wazi ambako wote arobaini na mmoja husoma. Imekuja kwangu peke yangu.

"Mwalimu, shikamoo. Nilikujua tangu ile barua ya kwanza, hakuna mwingine anayeandika hivyo. Rekebisho lako ni sahihi kwa mwaka huu. Tafadhali liulize mwaka jana. Mwanafunzi wako, Stergios."

Nilifungua dirisha jeusi. Mwaka jana Pasaka ilikuja mapema na Giorgi hakusogea, alikaa tarehe yake ishirini na tatu. Nikauliza Marko. Likajibu: ishirini na nne.

Ishirini na nne! Ningemtoa Marko kwenye siku yake karibu kila mwaka, katika nchi nzima, milele, ili nimweke sawa mwaka huu mmoja. Nilikuwa nimeuliza miaka mitatu, na yote mitatu niliichagua kwa sababu nilijua itajibu ninachotaka kusikia. Mtoto angenijibu hivyo ubaoni ningempa sifuri na kumweka asimame.

Nilikaa na aibu ile mchana kutwa. Sultana alikuja na mchicha wa mlimani, akaniona, akaketi bila kuvua koti.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekosea."

"Wewe?"

"Mimi."

"Nani ameona?"

"Mtu mmoja."

"Anaongea?"

"Haongei."

"Basi shida iko wapi?"

Nikamweleza shida iko wapi. Nikamsimulia darasa lile, kijana yule amesimama karibu na dirisha, mimi nikisoma mistari yake kwa sauti ya kuchekesha, kwa kuwa nilikuwa na sauti nzuri ya kuchekesha na niliipenda. Sultana akafungua vifungo vya koti lake. Kisha akasema, "Alikuwa na nafasi ya kukulipa, Mwalimu, tena mbele za watu."

"Ndiyo."

"Hakuichukua."

"Ndiyo, Sultana, nimeshaona."

"Mie nasema tu. Nani alimlea huyo?"

Sijui. Si mimi. Ningependa sana kuandika kwamba ni mimi.

17 Aprili

Nimeandika kwenye ukurasa wa wazi, ili wote wasome: "Rekebisho nililolileta tarehe kumi na nne lina kosa. Nililijaribu kwa miaka niliyojua majibu yake. Bwana Dalas amenionyesha kosa hilo kwa adabu ambayo mimi sikumwonyesha alipokuwa mwanafunzi wangu. Naomba siku tatu. P. Gounta."

Nilisoma sentensi ya pili kutoka mwisho mara kumi kabla ya kubonyeza. Si kwa kutafuta makosa.

18 Aprili

Nimetoa kalenda zote za kanisa kutoka kabati la ukumbini. Situpi karatasi iliyochapwa. Ni za miaka arobaini na miwili.

19 Aprili

Amri mpya ni mistari minne. Ikiwa Giorgi amesogea, Marko awe Jumanne baada ya Pasaka. La sivyo, abaki ishirini na tano. Safari hii sikuchagua maswali. Niliihoji miaka yote arobaini na miwili, mmoja baada ya mwingine, Sultana akisoma kalenda kwa sauti na mimi nikisoma skrini.

"Themanini na tisa."

"Jumanne, pili Mei."

"Sawa. Tisini."

"Ishirini na tano."

"Sawa. Hee, Mwalimu, kumbe tisini nilikuwa na kiuno."

Tulipofika mwaka jana nilishika ukingo wa meza. Ishirini na tano. Sawa. Hakuna mwaka hata mmoja uliokataa. Sultana alipiga makofi. Nami nilipiga, mara moja.

Nimetuma, pamoja na majaribio ya miaka yote, ili atakayegusa mistari ile baada yangu ajue mara moja akiivunja.

20 Aprili

Kimya.

21 Aprili

Kimya. Kanisani sikusikia mahubiri.

22 Aprili

Simu imelia saa mbili asubuhi. Sauti nzito ya mwanaume wa makamo, nyuma yake makreti yanagongana.

"Shikamoo, Mwalimu. Stergios hapa."

"Marahaba. Uko kazini, usipoteze muda wa mwajiri."

"Nimeomba dakika kumi. Nimelipokea, Mwalimu. Nimeliunga jana na toleo jipya limetoka. Sikugusa hata herufi."

Nilivuta kiti nikaketi.

"Mwalimu?"

"Nipo. Simu za watu zitabadilika lini?"

"Nyingi hujibadilisha zenyewe baada ya siku mbili tatu. Zote siahidi. Wapo wazee ambao simu zao hazijaguswa tangu zinunuliwe."

"Stergios. Nilisoma kazi yako mbele ya darasa."

"Nakumbuka."

"Nilifanya vibaya."

Makreti yaligongana. "Niliona uliandika," akasema. "Mke wangu aliniita jikoni akanisomea. Akasema, huyu ndiye yule wa hadithi zako? Nikamwambia ndiye." Akacheka kidogo, si kicheko cha kunifariji. "Nilikuwa na hasira na wewe miaka mingi, Mwalimu. Lakini yale majaribio ya miaka arobaini na miwili... hakuna aliyewahi kuniletea kitu kimepangwa hivyo. Nimewaonyesha vijana hapa ghalani. Nikawaambia, tazameni, huyu alinifundisha."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Sitayafafanua.

25 Aprili, Alhamisi

Nilikwenda kwa Markos saa tatu asubuhi na kitambaa cha kufuma, ili niwe na sababu ya kukaa. Simu yake ilikuwa juu ya meza, uso juu. Saa nne, kimya. Saa tano ililia. Binamu yetu wa Florina, ana miaka tisini.

"Umewahi," Markos akamwambia, akakata. Akageukia dirisha. Nilijua anangoja wengine, kama miaka mitano iliyopita. Nami nikangoja, sindano mkononi, nikihesabu mishono bila kuona.

Hawakuja. Saa sita, saa nane, saa kumi. Hata Sultana, ambaye simu yake hupiga kelele kwa kila mtakatifu, alipita chini ya dirisha akiimba na hakuinua kichwa.

Jioni Markos aliichukua simu, akaitikisa karibu na sikio.

"Mmoja tu?" akasema.

"Mmoja."

"Ajabu." Kisha, baada ya kitambo: "Mwanakondoo anauzwaje siku hizi?"

Nikamwambia sijui, aulize mchinjaji.

28 Aprili, Jumapili ya Matawi

Samaki. Markos amemwuliza mchinjaji.

3 Mei, Ijumaa Kuu

Tulitembea nyuma ya jeneza la Kristo lililopambwa maua hadi ziwani. Markos alikuwa na mshumaa wangu na wake.

5 Mei

Kristo amefufuka. Tulipogonganisha mayai mekundu, langu lilivunja la Sultana na anadai nimedanganya.

7 Mei, Jumanne

Markos alikuwa ameoka, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Alisema ameoka kwa ajili yetu wawili. Mwanakondoo mzima, kwa wazee wawili.

Saa nne na nusu mlango uligongwa. Nilibaki kwenye kiti changu. Alikwenda mwenyewe. Alikuwa Naum, aliyekaa naye benchi moja la kushonea miaka ishirini, na magongo yake mawili.

"Hongera, Marko, uishi miaka mingi."

"Nani amekutuma?" kaka yangu akauliza, bado ameshika kitasa.

"Nitumwe na nani? Mimi ni mtoto?" Naum akatoa simu mfukoni, akamwekea usoni. "Imenipigia kelele asubuhi. Leo ni Marko. Nikasema, huyu mshenzi sijamwona tangu mazishi ya mkewe. Unanipisha au nirudi zangu na miguu hii?"

Markos alinigeukia. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama mshono.

"Poli. Wewe umefanya nini?"

"Sijamwita mtu," nikasema. Ni sentensi ya kweli, neno kwa neno.

Akampisha Naum. Hakuufunga tena mlango, kwa sababu nyuma ya Naum ngazini walikuwepo mwokaji na mkewe, na nyuma yao mabinti wawili wa jirani wa zamani, kila mmoja na kisanduku cha keki. Saa sita walikuwa kumi na tisa. Saa nane niliacha kuhesabu. Padri alikuja akaomba radhi kwamba amechelewa miaka mitano. Sultana alikata nyama akiwafokea watu wasishike kwa vidole. Simu ya Markos ililia hadi ikazima yenyewe, naye hakujua ichomekwe wapi.

Aliketi kichwani mwa meza, uso mwekundu, akimweleza mwokaji jinsi ya kutambua mkia wa mnyama kwa kugusa. Akaniona nimesimama kwenye kizingiti.

"Unasimama nini, dada? Watu wamekaa kitandani. Lete viti!"

Nilileta viti kutoka nyumba tatu. Havikutosha.